FORT JESUS IKIKODISHWA, MFANYA KAZI NAYE AWE NA SIKU YAKE

Na mfanya kazi wa reli, Eldoret

Ndugu wafanya kazi,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengine wataona liko mbali, maana ni jambo la pwani na sisi tuko huku juu kwenye baridi. Jambo lenyewe ni hili: majumba ya zamani ya bandarini, yaliyojengwa kwa ajili ya vyombo na vita vya baharini, siku hizi hukodishwa. Kampuni inalipa, inapewa ua au ukumbi tangu asubuhi mpaka jioni, inaleta viti, mahema na vipaza sauti. Wakubwa wanafanya mkutano wao, wanakunywa chai ya saa nne, wanakula chakula cha mchana, wanapiga picha mbele ya mizinga, na jioni wanarudi hotelini. Jumba kubwa kuliko yote ya namna hii hapa Kenya ni Fort Jesus ya Mombasa, ambayo wenyeji huiita Ngome.

Tumezungumza habari hii hapa kazini wakati wa chakula, na nimesikia maneno ya namna tatu. Wa kwanza alisema kukodisha Ngome ni kuuza urithi wetu, afadhali ifungwe. Wa pili alisema, waache wenye fedha wakodishe, sisi watu wa mshahara yanatuhusu nini? Wa tatu alisema mahali palipokuwa jela hapafai mtu kula pilau. Wote watatu ni rafiki zangu, lakini siungi mkono hata mmoja.

Mimi nasema ya kwamba kukodisha jumba la zamani si kosa. Kosa ni kulikodisha bila kuuliza maswali matatu. Fedha zinakwenda wapi? Watu wanaofanya kazi siku ile wanalipwa namna gani? Na mlango unafunguliwa kwa nani? Chama cha wafanya kazi kina haki ya kuuliza maswali hayo. Tena kina haki ya kuomba siku yake ndani ya Ngome, kwa bei ambayo mtu wa mshahara anaweza kuilipa.

NANI ALIIJENGA?

Katika shule ya misheni tulifundishwa ya kwamba Fort Jesus ilijengwa na Wareno. Ni kweli, kwa upande wa amri. Ujenzi ulianza mwaka 1593, na ramani ilichorwa na Mwitaliani aliyekuwa akiwatumikia Wareno, jina lake Giovanni Battista Cairati. Lakini ramani haibebi jiwe. Waashi waliletwa kutoka India, na watu wa kuchimba na kubeba walitoka Malindi. Jina la mchora ramani tunalo. Majina ya waliokata mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa hatunayo hata moja.

Ndugu wa reli hawatashangaa. Reli yetu ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga, na karibu 2,500 katika hao walikufa. Waafrika nao walifyeka, wakabeba, wakachimba. Tawi letu la kupita Eldoret lilifika hapa mwaka 1924, na halikujileta lenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia ya kwamba Ngome ni mambo ya Wareno, Waarabu na Waingereza tu, namwambia hapana. Kila ukuta una watu wawili, aliyeamuru na aliyejenga. Yule aliyejenga ni ndugu yetu, hata kama hatujui jina lake.

Ngome iliwekwa juu ya mwamba kwenye mlango wa bandari ili kila chombo kinachoingia kionekane. Watu waliigombania sana. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, ndipo wakaitwaa. Katika vita vile merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanna ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697. Katika miaka ya 1970 wapiga mbizi walishuka wakatoa vitu vyake, na leo vimo katika makumbusho mle ndani. Hivyo Ngome ni jumba la bahari kweli kweli, wala si jina tu.

Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya jela, ikawa jela mpaka mwaka 1958. Halafu ikatengenezwa kwa msaada wa Shirika la Gulbenkian la Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Walinzi wake ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na sheria yao ni ile ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Yaani Ngome ni mali ya umma. Si mali ya mkurugenzi wala ya mgeni aliyeikodi kwa siku moja.

WALIOKUTANA KIWANJANI

Sasa naomba mfikiri juu ya mwaka 1947. Tarehe 13 Januari mwaka ule wafanya kazi wa Mombasa waligoma. Walikuwa wapatao 15,000: watu wa bandari, watu wa reli, wapishi na maboi wa hoteli, wachukuzi, na wengine wengi. Mgomo ulikwenda siku kumi na mbili. Walikutana wapi? Hawakuwa na ukumbi. Hakuna tajiri aliyewapa ghala lake, wala Serikali iliyowapa jumba lake. Walikutana katika uwanja mtupu uliokuja kuitwa Kiwanja cha Maskini. Pale, juani, maelfu walisimama wakasikiliza, wakaamua mambo yao. Pale ndipo chama chao kilipozaliwa.

Na Fort Jesus wakati ule ilikuwa nini? Ilikuwa jela. Katika mji mmoja, mwezi mmoja, wafanya kazi walikuwa kiwanjani bila hata dari ya makuti, na jumba kubwa kuliko yote pale mlangoni mwa bandari lilikuwa tayari kwa wale watakaokamatwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akahamishwa mpaka Kabarnet, huko Baringo kwa jirani zetu. Msiseme tena ya kwamba mambo ya Mombasa hayafiki huku. Yalifika yakiwa na askari.

Nawakumbusha haya kwa sababu moja. Leo lango la Ngome likifunguliwa kwa mkutano wa siku moja, mwenye kuingia huwa ni yule mwenye fedha. Mjukuu wa yule aliyesimama Kiwanja cha Maskini huingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba viti. Kama mambo ni hayo tu, basi kuta zimebadili kazi, lakini mpango wa watu umebaki ule ule.

MAWE HULA FEDHA

Kwa yule rafiki yangu anayesema Ngome ifungwe isikodishwe, jibu langu ni la fundi. Jengo likifungwa halipumziki. Linaoza. Sisi wa reli tunajua hivyo kuliko watu wengine. Njia isiyopitwa na gari haikai salama: majani yanaota, mataruma yanaliwa, kokoto zinazama, na wezi wanafungua misumari.

Ngome imejengwa kwa matumbawe na chokaa. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huingia katika jiwe, na jiwe hubanduka kama ngozi. Huwezi kupaka saruji ukasema umemaliza. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe, tena huzuia maji yasitoke, hata ukuta unaoza kwa ndani huku nje ukionekana mzuri. Ukuta ule unataka chokaa, na chokaa inataka fundi aliyejifunza, na fundi anataka mshahara kila mwezi, si siku ya sherehe peke yake. Chini nako mawimbi yalikuwa yakiula mwamba, hata Serikali ikalazimika kujenga ukuta wa kuyazuia. Yote hayo ni fedha. Kiingilio cha watalii kinapanda na kushuka. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, tuliona jinsi mkate wa pwani unavyokatika kwa mwezi mmoja.

Kwa hiyo fedha za kampuni inayotaka kukutana mle ndani ni fedha nzuri, kama zikiingia ukutani. Zikiingia mahali pengine, kampuni itakuwa imetumia jengo, na jengo halikupata kitu.

Tena mkutano wenyewe una madhara yake. Mambo ya hema yanaweza kupasua ardhi ambayo bado ina vitu vya kale chini yake. Jenereta hutoa moshi na mtikisiko. Mtu wa mapambo hutafuta mahali pa kupigilia msumari. Watu mia mbili wakisimama juu ya dari ya boriti za miaka mingi, hiyo si dari tena, ni hatari. Siku ya kukodisha inataka msimamizi wa jengo mwenye uwezo wa kusema hapana hata mbele ya meneja mwenye tai. Kwetu relini bendera nyekundu ikiinuliwa, dreva hubishani hata kama amembeba nani.

MAFUNZO YA UNGUJA NA YA UINGEREZA

Kule Unguja, mbele ya bahari, liko Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883. Lilikuwa la kwanza upande huu kuwa na taa za umeme na lifti. Baadaye likawa makumbusho, na ndani yake palikuwa na mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba. Watu wa dunia nzima walilisifu. Lakini sifa haishiki paa. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, wakati kazi ya matengenezo ikiendelea, upande mmoja ulianguka, na watu wawili wakafa.

Ndugu, gazeti nyingi siku ile zilililia jengo. Sisi chama cha wafanya kazi ni lazima tuwalilie watu kwanza. Jumba la miaka mia na thelathini na saba linaweza kujengwa tena. Mtu aliyetoka nyumbani kwenda kazini hajengwi. Kwa hiyo tukisema fedha za kukodisha ziingie ukutani, tunasema pia ziingie mapema, kabla ukuta haujawa mtego wa fundi.

Huko Uingereza nako kuna mfano. Pale Greenwich, kando ya mto wa London, palianzishwa mwaka 1694 nyumba kubwa kwa ajili ya mabaharia wa jeshi waliozeeka au kuumia kazini. Ilikuwa makao yao. Wakajengewa ukumbi wa kulia chakula, na mchoraji James Thornhill akaupaka picha kuta na dari kwa miaka karibu ishirini. Kazi ilipokwisha, ukumbi ukaonekana ni mzuri mno kwa mabaharia wazee! Wao wakaendelea kula chumba cha chini, na ule ukumbi ukawa wa kutazamwa na wageni wenye kulipa. Mabaharia wazee ndio walioutembeza wageni. Nyumba ile ilifungwa kwa mabaharia mwaka 1869, na leo ukumbi wao hukodishwa kwa karamu na mikutano ya makampuni.

Siwasimulii haya ili tuwacheke Waingereza. Nasema tujifunze. Kitu kilichojengwa kwa ajili ya mfanya kazi kinaweza kuwa kizuri mpaka mfanya kazi mwenyewe akaambiwa hakimfai. Hapo hapana anayetumia nguvu. Watu huambiana tu kwa upole, "Mahali hapa si penu." Na ugonjwa mbaya zaidi ni pale sisi wenyewe tunapolisema neno hilo kabla ya kuambiwa, kama alivyosema yule rafiki yangu wa pili.

WABEBA VITI

Kabla ya kuandikwa relini nilifanya kibarua cha mahema kwa tajiri mmoja ambaye simtaji, katika mji ambao pia siutaji. Kazi yetu ilikuwa kwenda mahali penye mkutano wa kampuni usiku, kushusha vyuma saa tisa, kusimamisha hema kabla ya jua kutoka, kisha kukaa nyuma ya lori mpaka mkutano uishe, halafu kubomoa na kupakia. Ni saa kumi na nane au ishirini, na malipo ni ya siku moja. Siku moja tulimsikia bwana mkubwa kwa kipaza sauti akisema ya kwamba mali ya kwanza ya kampuni ni watu wake. Sisi tulikuwa hatua thelathini kutoka kwake, na tangu usiku hatujaonja kitu. Jioni chakula kilichobaki kilimwagwa, maana tulikatazwa kukigusa. Fedha zetu tulizipata wiki ya tatu, zimekatwa bei ya kiti kilichovunjwa na mgeni.

Sisemi ya kwamba ndivyo ilivyo Fort Jesus. Nasema ndivyo kazi hii inavyoweza kuwa mahali popote, kwa sababu mwenye jumba hukodisha kwa kampuni, kampuni huita mtu wa karamu, mtu wa karamu huita mtu wa mahema, na mtu wa mahema huokota vijana stendi ya matatu. Kijana akiangukiwa na chuma, kila mmoja humwonyesha mwenzake kwa kidole.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku zinazofuatana zinazofika mwezi mmoja asihesabiwe tena kama kibarua wa siku. Sheria ya fidia ya kuumia kazini ni ya mwaka ule ule wa 2007, na ile ya usalama mahali pa kazi pia. Lakini sheria ni kama filimbi, isipopulizwa hailii. Na mtu wa kuipuliza ni chama.

TUNAYOTAKA

Basi sitaki kulaumu tu. Naleta mambo manne, wanachama wayapime, na kama yanafaa, tawi letu liyapeleke makao makuu ili wayazungumze na ndugu zetu wa bandari na wa hoteli, halafu yapelekwe kwa wenye kusimamia Ngome.

Kwanza, hesabu ibandikwe. Kila mwaka ubao uwekwe langoni, kwa Kiswahili, useme: siku za kukodisha zilikuwa ngapi, fedha zilizoingia ni kiasi gani, na zimetengeneza ukuta gani. Mtu wa Mombasa anayepita kwenda sokoni aweze kusoma. Hilo litawanyamazisha wanaosema urithi umeuzwa, kama haukuuzwa.

Pili, karatasi ya kukodisha iwe na sharti la wafanya kazi. Kampuni isipewe ufunguo kabla ya kuandika nani atasimamisha hema, atalipwa kiasi gani, lini, na nani atalipa akiumia. Tena wapewe chakula. Mgeni anayeweza kulipia ua wa Ngome kwa siku hawezi kushindwa na sahani ishirini za wali.

Tatu, mlango usifungwe kwa watu wa kawaida ili upate kufunguliwa kwa wakubwa. Siku ya kukodisha, mtoto wa shule aliyesafiri kutoka Uasin Gishu asiambiwe langoni, "Leo kuna mkutano, rudi kesho." Mtoto yule hana kesho yake Mombasa. Mkutano upewe upande wake, na wageni wa kawaida wapewe njia yao. Ikiwa haiwezekani, basi tangazo litolewe siku nyingi mbele.

Nne, na hili ndilo kubwa kwangu, iwepo siku ya wafanya kazi. Naomba iwe tarehe 13 Januari kila mwaka, ukumbusho wa mgomo wa 1947. Siku ile ua wa Ngome upewe vyama vya wafanya kazi kwa bei ya chini, tufanye mkutano wetu wa siku moja kama wanavyofanya wao. Sisemi tupewe bure. Mtu akipewa bure huambiwa anyamaze. Tulipe, tupewe risiti, tukae vitini, na kipaza sauti kiwe chetu.

JIBU KWA WENYE SHAKA

Najua mtakaloniuliza. Kutoka Eldoret mpaka Mombasa ni karibu kilometa 800. Ni basi mpaka Nairobi, halafu gari moshi la reli mpya mpaka Miritini, halafu matatu. Nani atalipa nauli? Jibu ni kwamba hatuendi sote. Kila tawi litume watu wawili, mmoja awe mwanamke, na mmoja awe kijana ambaye hajakaa hata mara moja katika mkutano mkubwa. Bei ya ua ikigawanywa kati ya vyama vya reli, bandari, hoteli, waalimu na wengine, mzigo ni mwepesi. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha ambazo vyama vyetu hutumia hotelini kwa semina, katika vyumba visivyo na madirisha, hakuna anayeuliza zimetufundisha nini.

Na yule rafiki yangu wa tatu, anayesema mahali palipokuwa jela hapafai mkutano, namjibu kwa heshima. Moyo wake ni mzuri. Lakini akumbuke habari ya Paulo na Sila katika kitabu cha Matendo: waliimba ndani ya gereza, na milango ikafunguka. Mahali pa kufungiwa watu panatakaswa kwa kufunguliwa, wala si kwa kupigwa kufuli nyingine. Ila nakubaliana naye neno moja. Mtu asile mle bila kuambiwa amekaa juu ya nini. Kila mkutano, wa kampuni au wa chama, uanze kwa robo saa ya mwongozaji wa Ngome kueleza: nani alijenga, nani alizingirwa, nani alifungwa. Robo saa haimpunguzii tajiri faida.

Mwisho, haya si ya pwani peke yake. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024. Jiji likikua, watu huanza kutazama majengo ya zamani kwa jicho la kupima kiwanja. Sisi tuna majengo ya reli: stesheni, magudauni, nyumba za wafanya kazi. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971. Huku kwetu siku moja mtu atakuja na mkoba aseme gudauni hili ni zuri kwa mikutano ya makampuni. Hatutakuwa na haki ya kumuuliza yale maswali matatu kama tulinyamaza wakati wa Fort Jesus. Maana tukikosa kujua thamani ya jumba lililo mlangoni mwa bahari, nani atatuamini tukisema tunajua thamani ya stesheni yetu?

Basi ndugu, mkutano wa tawi ukiitwa, njoni. Msiseme mvua, msiseme shifti. Leteni maoni yenu, hata ya kunipinga. Katibu ayaandike, na yakipigiwa kura yapelekwe juu na barua yenye muhuri wa tawi. Ndugu zetu wa 1947 walisimama juani siku kumi na mbili. Sisi tunaombwa tukae kitini saa mbili.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli, Eldoret.